Filamu za makuruta: ipi ya kuangalia na watoto, ipi ya kungoja walale

Likizo iliyopita mama mmoja, mke wa askari, alikuja dukani kwangu hapa Jinja, Uganda, na flashi yake akaniambia kijana niwekee sinema za makuruta, zile za kuchekesha, shule zimefungwa na baba yao yuko kazini Karamoja, mi nataka tu hawa watoto wakae ndani wasiende mtoni. Nikamwekea Police Academy. Wala sikufikiri mara mbili, maana mi mwenyewe niliiona utotoni kwa kibanda cha video na ninachokumbuka ni yule jamaa anayetoa milio ya bunduki na mashine kwa mdomo, tulikuwa tunamuiga mpaka darasani. Kesho yake asubuhi sijamaliza hata kufungua duka mama kasimama hapo, flashi kaishika kwa vidole viwili kama kaokota panya. "We mtoto wa watu, hii ndo umenipa niangalie na wanangu na mama mkwe wangu kaketi hapo hapo?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kuiangalia upya usiku, na tangu siku hiyo hili swala la filamu za makuruta limenikaa kichwani, kwa sababu wateja wanaziomba sana kuliko unavyodhani (huu ni mji wenye kambi) na watu wengi wanazitia zote kapu moja.

Tuanze na kosa langu. Police Academy ziko saba, na mi nilimpa ya kwanza. Ile ya 1984 Marekani waliipiga alama ya R, yaani mtoto hajafika miaka 17 haingii ukumbini bila mzazi, na ukiiangalia ukiwa mtu mzima unaelewa mara moja, kuna mambo ya bafuni na kuna kituko kimoja cha kwenye jukwaa la hotuba ambacho siwezi kukiandika hapa. Mi sikuvikumbuka kwa sababu sikuviona. Mwenye kibanda chetu alikuwa anasimama mbele ya televisheni, anafungua koti lake anaziba skrini mpaka yapite, sisi tunapiga miluzi, akimaliza anarudi kwenye benchi lake. Basi ya pili, 1985, ikashuka mpaka PG-13, ya tatu ya 1986 ikawa PG, na zikabaki PG moja kwa moja mpaka ya saba, 1994, na hapo katikati, 1988, wakatoa mpaka katuni ya watoto kwenye TV. Chuo ni kilekile, wahusika wengi ni walewale. Kwa hiyo mtu akikwambia ni ya watoto hajakosea na akikwambia ni ya wakubwa hajakosea, muulize kwanza ameshika namba ngapi.

Hizi herufi nazo tuzifungue kidogo. G ni ya kila mtu. PG mzazi atupe jicho. PG-13 mtoto wa chini ya 13 huenda isimfae, R nimeshasema. Hiyo PG-13 haikuwepo zamani, ilianza Julai 1984, mwaka uleule wa Police Academy ya kwanza, baada ya wazazi kulalamikia filamu mbili zilizopewa PG, Gremlins na ile Indiana Jones ambayo mtu anang'olewa moyo kifuani. Kabla ya hapo hakukuwa na ngazi katikati ya PG na R, ndo maana ukikuta filamu ya kabla ya 1984 imeandikwa PG usiiamini haraka. Huku kwetu Media Council, baraza la serikali la mambo ya habari, ndo wenye kazi ya kupanga filamu kwa umri, lakini flashi haipiti mezani kwa mtu, inapita kwangu, na mi ndo yule niliyeweka namba moja.

Alafu kuna jambo watu hawalijui: herufi inahesabu matusi, uchi, damu, madawa. Haihesabu filamu inasema nini. Na kwa sinema za makuruta hapo ndo penye kazi, kwa sababu hadithi yenyewe ni moja tu, iwe ya watoto iwe ya wakubwa. Vijana wanashuka kwenye basi na mabegi yao. Wananyolewa. Kuna afande anawapigia kelele puani. Kuna mnene asiyeweza kupanda kamba, kuna mtoto wa tajiri, kuna mjuaji. Mmoja anakosea wote wanaruka kichura. Wanachukiana, wanapigana usiku, mvua inawanyeshea kwenye matope, baadaye kuna siku gwaride linakaa sawa na yule afande anageuka pembeni ili wasimuone anatabasamu. Hiyo hadithi unaweza kumpa mtoto wa miaka sita na unaweza kuifanya mtu mzima asilale.

Ilitoka wapi? Kwenye majeshi ya kulazimishwa. Marekani walianza kuandikisha vijana kwa lazima Septemba 1940, kabla hata hawajaingia vitani, na Januari 1941 tayari ikatoka Buck Privates ya wachekeshaji Abbott na Costello, wajinga wawili wanajikuta jeshini kwa bahati mbaya, na kipande kinachosifiwa mpaka leo ni kile cha kwata, mmoja hajui kulia wala kushoto na bunduki imemzidi. Waingereza nao walikuwa na jeshi la lazima kwa vijana, la mwisho waliitwa 1960, na 1958 wakatoa Carry On Sergeant, sajini anakaribia kustaafu, anaweka dau la pauni 50 kwamba kundi lake la mwisho litakuwa la kwanza, alafu analetewa makapi matupu. Ukumbini alikaa baba aliyepita kule, mama aliyemsubiri, na mtoto ambaye zamu yake inakuja. Walikuwa wanajicheka wenyewe, ndo maana ilikuwa sinema ya familia nzima. Sisi Uganda jeshi unaomba mwenyewe, mpaka unapanga foleni na cheti chako mkononi, kwa hiyo kicheko chetu hakitoki mahali pamoja na chao, nitarudi hapo.

Sasa ukitaka kujua umri wa filamu ya kuruta bila kusoma herufi yoyote, msikilize afande. Kila kitu kiko kwenye mdomo wake. Na kuna ushahidi mtamu sana wa hili. R. Lee Ermey alikuwa mkufunzi wa makuruta kweli kweli, kikosi cha wanamaji wa Marekani (Marines), kabla ya kuwa mwigizaji. 1987 akaigiza sajini Hartman kwenye Full Metal Jacket, anawatukana makuruta matusi ambayo hata wanaume wa stendi ya mabasi wangeinamisha kichwa, na kuruta mmoja anaharibika akili mpaka mwisho wake ni damu chooni. R, na ni R ya haki, usimpe mtoto hata dakika tano. Basi miaka minane baadaye, 1995, Toy Story inatoka, katuni, G, na wale askari wadogo wa plastiki ya kijani wana kamanda wao. Sauti ya nani? Ermey yuleyule! Koo lilelile, ukali uleule. Kitu kimetoka ni matusi na kimebaki ni mdundo wa amri.

Na ile sehemu yao niiangalie mara ngapi sichoki. Wanasesere wanataka kujua mtoto wa nyumba kaletewa zawadi gani, basi askari wanatumwa ngazi za chini kupeleleza, wanashuka kwa kamba ya kurukia, mama wa nyumba anatokea ghafla, wote wanaganda, anamkanyaga mmoja. Ameumia, anamwambia kamanda niache. Kamanda anarudi anambeba. Ni kifo na ushujaa wa vita vyote vikubwa umepangwa kwenye zulia la sebuleni kwa chini ya dakika mbili, mtoto anacheka, baba aliyewahi kubeba mwenzake anacheka kwa namna nyingine.

Hapo tunaingia kwenye fundo lenyewe. Mafunzo ya jeshi ni ya kwenda vitani, hakuna njia ya kulizunguka hilo. Filamu ya familia inataka mafunzo lakini haitaki vita, kwa hiyo inafanya nini? Njia ya kawaida ni kubadilisha mwisho: mahali pa vita unaweka mashindano. Cadet Kelly ya Disney, 2002, binti wa mjini anapelekwa shule ya kijeshi, yote yanaishia kwenye mashindano ya kwata. Major Payne, 1995, hiyo huku kwetu watu wanaijua kama sala, Damon Wayans ni meja aliyeachishwa jeshi kwa sababu kazi yake ni kuua na hakuna tena wa kuuawa, anapelekwa kufundisha vijana shuleni, na mwisho ni kombe. Ile ni PG-13, na kwa kweli ina lugha na ina vitisho kwa watoto, mi nasema miaka kumi na mbili kwenda juu, ingawa najua nusu ya wasomaji waliiona wakiwa na miaka saba.

Mulan ndo ilikataa njia hiyo, na bado ikapata G. Ya 1998 nasema, ile ya katuni, sio ile ya watu ya 2020 ambayo ni PG-13 na haina nyimbo wala kale kajoka ka Eddie Murphy. Mulan anakwenda jeshini badala ya baba yake mgonjwa, kajifanya mwanaume. Kapteni anapiga mshale unachoma juu kabisa ya nguzo ndefu, anasema ulete. Lakini kwanza anakufunga vyuma viwili vizito, kimoja kila mkono, kimoja ni nidhamu kingine ni nguvu, na bila vyote viwili hufiki. Wanaume wote wanajaribu wanateleza, mmoja mpaka anaing'ata nguzo. Mulan naye anashindwa, anaambiwa arudi kwao. Usiku anaiangalia tena ile nguzo, anachukua vile vyuma anavizungusha nyuma ya nguzo anavifunganisha kwa vitambaa vyake, kumbe ule uzito uliokuwa unamvuta chini sasa unamshika juu, anapanda hatua kwa hatua mpaka alfajiri wenzake wanatoka kwenye mahema mshale unadondoka mbele ya kapteni. Hakuna aliyemwambia mtoto chochote, mtoto ameona kwa macho yake.

Lakini subiri. Baadaye wanatembea milimani wanaimba wimbo wa kipuuzi kuhusu wasichana, na wimbo unakatika katikati ya neno, maana wamefika kwenye kijiji na kijiji kimechomwa chote. Hawaonyeshi maiti ya karibu. Wanaonyesha mwanasesere wa mtoto kwenye theluji, basi. Kuanzia hapo hakuna wimbo mpya wa makuruta. Mtoto mdogo anapita bila kujua, mkubwa kidogo anauliza "mwenye mdoli yuko wapi?" na wewe mzazi ndo ujipange. Mi naona hii ni ya familia kuliko nyingi zinazojiita hivyo, kwa sababu haikumficha mtoto mafunzo ni ya nini.

Njia nyingine ni kutoka kabisa jeshini ukabaki na umbo lake, na hizo ndo filamu za timu. Kocha ni afande, jezi ni sare, kambi ni kambi. Remember the Titans, 2000, PG, Denzel Washington ni kocha Herman Boone, mtu wa kweli, Virginia 1971, shule imechanganya wazungu na weusi na vijana hawataki hata kukaa basi moja, anawapeleka kambini Gettysburg anawalaza chumba kimoja mzungu na mweusi, na usiku anawakimbiza mchakamchaka mpaka kwenye makaburi ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Miracle, 2004, timu ya hoki ya barafu ya Marekani ya 1980: kocha kila siku anauliza wewe unachezea nani, na kila kijana anataja chuo chake, mpaka usiku mmoja anawatesa kwenye barafu na taa zimezimwa, mmoja akiwa hana pumzi anajibu Marekani, ndo wanaruhusiwa kwenda kulala. Alafu nenda India, Chak De! India ya 2007, Shah Rukh Khan kocha wa hoki ya wasichana, siku ya kwanza wanajitambulisha kila mmoja jina na jimbo lake, anawatoa kwenye mstari, anayebaki ni yule aliyesema India.

Mganda hiyo sehemu haiangalii kama sinema ya mbali. Hapa ukimuuliza mtu wewe nani anakutajia kwao ni wapi kabla hajafikiri. Na jeshi letu hilo tatizo lilitatuliwa na hiki kiswahili ninachoandika sasa hivi, tangu King's African Rifles ya wakoloni, kuruta anatoka Arua, mwingine Kabale, mwingine Soroti, lugha ya kambi ni moja ambayo sio ya kabila la yeyote. Ndo maana sisi watoto wa kota, zile nyumba za askari, tunaongea kiswahili na majirani zetu wa mjini walikuwa wanakiogopa, kwao kilikuwa lugha ya rodibloku, hasa wazee walioona miaka ya Amin. Kikatiba ni lugha rasmi ya pili tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini muulize bibi yeyote Kampala anakumbuka nini akisikia "simama hapo".

Sasa angalia VJ anafanya nini na hilo. Kwa wasiojua, VJ ni yule anayetafsiri filamu kwa sauti juu ya sauti yenyewe, kwa Luganda, anaongeza na vya kwake, wengine kama VJ Jingo majina yao yanauza kuliko mwigizaji. VJ wa kibanda chetu alikuwa anatafsiri wote kwa Luganda, mama, baba, mpenzi, jambazi. Afande akifungua mdomo tu, anahamia kiswahili! "Wewe! Kuja hapa! Lala chini! Nani alikwambia cheka?" Kibanda kizima kinalipuka. Na hapo ujue ile herufi ya Marekani imekwisha kazi, kwa sababu VJ anaweza kuchukua filamu ya PG akaitia matusi mpaka masikio yanawaka, au akachukua R akatukanisha afande "we ugali baridi we". Ndo maana siku hizi mteja akitaka ya watoto na anataka ya VJ, naisikiliza kwanza dakika kumi na spika za duka, herufi siiangalii.

Ya nyumbani ipo pia, na watu hawaiweki kwenye kundi hili lakini mi naiweka. Queen of Katwe, 2016, Disney, PG, Mira Nair kaiongoza, Phiona Mutesi na kocha wake Robert Katende, watu wa kweli na Katwe ya kweli. Huyo ni kuruta kabisa. Anamfuata kaka yake mpaka kwenye kibanda cha chesi, kuna uji, watoto wanasema ananuka, anapigana nao, kesho yake ameoga amerudi. Anayemfundisha ni mtoto mdogo kuliko yeye, anamuonyesha kile kipande kidogo kabisa cha chesi kikivuka ubao mpaka mwisho kinageuka malkia. Hakuna anayepiga kelele. Katende kama afande ni mpole mpaka unamsahau, na bado nidhamu inaonekana. Kama mtoto wako anapenda hadithi ya kuingia timu na wewe hutaki bunduki ndani ya nyumba, mi ningeanzia hapo.

Nilisema nitarudi kwenye kicheko chetu. Nina baba mdogo, alishika bunduki kabla hajaota ndevu, upande gani na wapi hataki kusema na mi siulizi. Vita vya Luwero, 1981 mpaka 1986, vilikuwa na kadogo, yaani askari watoto, hilo kila mtu anajua mpaka neno likabaki kwenye lugha, na kaskazini waasi wa LRA walikuwa wanateka watoto kwenye vitanda vyao. Siku moja tulikuwa naye sebuleni nimeweka Ender's Game, 2013, PG-13, nikaona ni ya anga, ya maroboti, watoto watapenda. Watoto wanafundishwa vita kwa michezo ya kompyuta. Wenzetu wa Cadet Kelly waliondoa vita wakaweka mchezo, si ndio? Hii inafanya kinyume. Mtoto anadhani yuko kwenye mtihani wa mwisho, anashinda, anashangilia, ndo wakubwa wanamwambia haukuwa mtihani, umeua kweli, wote. Watoto wetu walikuwa wanapiga makofi. Baba mdogo akasimama akasema anaenda kununua muda wa simu, na simu yake ilikuwa ameiacha kwenye kochi.

Kwa hiyo swali la Marekani, kuna matusi, kuna damu, mi nimeliongezea la kwetu: kuruta ana miaka mingapi, na filamu inajua kwamba ni mtoto au inafikiri inapendeza? Ender's Game inajua, nakubali, ni filamu nzuri. Sio ya Jumapili na kila mtu sebuleni, basi.

Yule mama nilimrudishia flashi yake bure, nikafuta nikamwekea Mulan ya 1998, Queen of Katwe na Toy Story. Wiki mbili kimya. Juzi kaja tena, nikajua nimekwisha. Kumbe vijana wake walichukua jerikeni mbili za lita tano, wakajaza maji, wakazifunganisha kwa kitenge chake kipya wakazungushia shina la mwembe wa jirani, mdogo kafika katikati kitenge kikachanika. Mtoto mzima, hana hata mchubuko. Jerikeni ndo zilipasuka, na anasema ni mimi nitazilipa.